Nani Atapanda Paani?

Sisi wakaazi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar tumechoka kupaka rangi. Kila anayekuja kuutazama ukuta uliolowa, awe jamaa, jirani, mwenye nyumba au fundi aliyepita njia, neno la kwanza linalomtoka ni hilo: pakeni rangi. Tumepaka. Tumepaka mwisho wa Shaabani ili wageni wa futari wasione aibu yetu, tumepaka kabla ya harusi na kabla ya hitima, tumepaka rangi ya plastiki ya bei kubwa iliyosifiwa dukani kuwa haipitishi maji. Mfunguo Tatu hauandami ila ukuta umeshafura, rangi imetoka malengelenge, na ukiyatumbua kwa kidole yanatoka maji ya chumvi. Hapo tunaambiwa rangi ile ilikuwa mbovu, tukanunue nyingine.

Tunaoishi ndani tunajua kuwa rangi haina kosa. Kuna maji yanaingia ukutani, yana mahali yanapotoka, na mahali hapo, katika nyumba nyingi za Kiponda, Malindi, Mkunazini na Sokomuhogo, hapana mtu anayekubali kuwa ni pake. Hilo ndilo tunalolilalamikia. Ukuta unaooza tunaweza kuutengeneza. Mafundi wapo na njia zinajulikana tangu zamani. Kinachotushinda ni kumpata wa kuanza pale panapostahili kuanzwa.

Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo mwekundu, na sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa kawaida una unene wa nusu mita na zaidi. Ndani si jiwe tupu: ni nyuso mbili za mawe, na katikati yake vipande vidogo vilivyoshindiliwa pamoja na chokaa. Ukuta wa namna hii hunywa maji. Mvua ikipiga hunywa, jua na upepo vikija huyatoa. Waashi waliozijenga walilijua hilo wala hawakushindana nalo. Walihakikisha tu kwamba maji yanayoingia ni machache na njia ya kutokea iko wazi, ndiyo maana wakapiga lipu ya chokaa na juu yake wakapaka chokaa tena, na kila baada ya muda wakarudia kupaka. Mvua ya wiki nzima haikuwa kitu. Ukuta wa matumbawe unaharibiwa na maji yasiyokatika, ya tone kwa tone, mwaka hadi mwaka, mahali pamoja.

Na maji ya namna hiyo mengi yanaanzia juu. Mapaa ya kale ya mji huu mengi yalikuwa bapa, ya chokaa iliyopigwa ikashikana, kisha baadaye yakafunikwa kwa mabati. Nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta, kwa hiyo mabati ya nyumba mbili humwaga maji katika mtaro mmoja mwembamba ulio baina yao, na mtaro huo unatoa maji kwenye mlizamu mmoja unaoshuka hadi kichochoroni. Unguja inapata mvua ya kiasi cha milimita 1,600 kwa mwaka, na sehemu kubwa inashuka katika miezi ya masika, kuanzia Machi hadi Mei. Sasa fikiria mtaro ule umezibwa na viota vya kunguru, makopo na majani makavu. Maji ya mapaa mawili yanajaa, yanapanda juu ya ukingo wa bati, na pa kwenda ni pamoja tu: kichwani mwa ukuta, katikati ya nyuso zile mbili, pale ambapo hakuna jua wala upepo utakaoyafikia. Yakishuka yanachukua chokaa iliyoshikanisha mawe. Sisi tulio chini tunaona doa la kahawia karibu na dari, tunalipaka rangi.

Kuusafisha mtaro huo ni kazi ya asubuhi moja. Anatakiwa mtu mmoja, kamba, ndoo na fagio. Lakini nani atapanda paani? Wa ghorofa ya juu anasema, "Jamani, paa ni la nyumba nzima, mbona mie peke yangu ndiye nitoe pesa?" Bibi wa chini anamjibu, "Kwangu hakuvuji, mwanangu. Mie nilipofurikiwa na karo mwaka ule, nani alinichangia?" Wa katikati hayupo, anafanya kazi hotelini pwani ya mashariki, anarudi siku ya mapumziko. Jirani wa upande wa pili anasema mtaro uko upande wetu. Mwenye nyumba akipigiwa simu anasema kodi tunayompa haimnunulii hata mabati mawili. Na tuseme kweli: haimnunulii. Wapo miongoni mwetu wanaolipa kodi ambayo haijapandishwa tangu watoto wao walipokuwa wachanga, na watoto hao sasa wana watoto. Hatuwezi kudai paa jipya kwa kodi hiyo. Lakini naye hawezi kupokea kodi hiyo kwa miaka yote na kusema nyumba inamhusu siku ya kuuza peke yake.

Tena huyo tunayemwita mwenye nyumba mara nyingi si mmoja. Nyumba nyingine zilichukuliwa na serikali baada ya Mapinduzi ya 1964, zikagawanywa chumba kwa chumba kwa familia zilizohitaji pa kuishi. Nyingine ni za wakfu, na kodi yake ina masharti yake na watu wake. Nyingine ni za mirathi ambayo haijagawanywa: aliyeijenga alikufa, wanawe wakafa, na sasa ina warithi Unguja, Dar es Salaam, Muscat, Dubai na London, kila mmoja ana fungu lake dogo, na hapana fungu linalofaa kuuzwa peke yake ili lilipie ukarabati. Ukitaka kubadilisha boriti moja unatafuta ridhaa ya watu kumi na kitu, wengine hawajawahi kuiona nyumba yenyewe. Hatuwalaumu kwa kuwa mbali. Tunawaambia tu kwamba ukuta unaoza huku wao wanajadiliana, na fungu lao linaoza pamoja nao.

Juu ya hayo, tumeongeza maji ambayo waashi wa kale hawakuyatarajia. Maji ya mfereji hayatoki kila saa, basi kila nyumba imepandisha tangi la plastiki juu. Tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja, na tani hiyo imewekwa juu ya boriti zilizopangwa kubeba sakafu ya chokaa na watu wanaolala. Boya la tangi likiharibika, maji yanamwagika usiku kucha ukutani, na kwa kuwa ni usiku, na kwa kuwa siku hiyo maji yamekuja kwa wingi, kila mtu anashukuru kusikia sauti ya maji. Kuna viyoyozi vya nyumba za wageni. Kiyoyozi kinachofanya kazi usiku kucha katika joto letu kinatoa lita kadhaa za maji, na bomba lake dogo limeelekezwa kwenye ukuta wa jirani. Kuna vyoo na bafu ndani ya kila chumba cha kulala ghorofani, kwa sababu mgeni hataki kutoka nje, na chini ya vigae vya bafu hilo kuna boriti ya mkoko ambayo haikuwahi kukaa chini ya bafu. Na kuna vichochoro vyenyewe, ambavyo kila vinapotengenezwa vinapandishwa, hata milango mingine sasa unashuka kuingia ndani. Maji ya mvua nayo yanashuka yakikufuata.

Kwa kuwa tumeishi na hali hii muda mrefu, tunajua kuutazama ukuta na kukisia maji yanatoka wapi. Tunayaandika hapa kwa faida ya wenzetu, kwani tumeona watu wakilipa pesa nyingi kutengeneza mahali pasipo na ugonjwa. Doa linaloanzia darini na kupanuka likishuka, linalokoza kila baada ya mvua na kufifia kiangazi, hilo ni la paa, mtaro au mlizamu. Panda juu. Ukuta uliolowa Januari sawasawa na unavyolowa Aprili hauijui mvua. Hapo tafuta bomba lililopasuka, bafu la juu, au tangi. Funga mifereji yote ya ndani ya nyumba usiku mmoja, uitazame mita: ikiwa inazunguka wakati hakuna anayetumia, bomba linavuja. Unyevu unaotoka sakafuni kupanda, ukaishia magotini au kiunoni kwa mstari mrefu wenye chumvi nyeupe juu yake, unatoka ardhini, na mara nyingi unasaidiwa na karo lililojaa au kichochoro kilichoinuliwa. Mji huu ni rasi yenye bahari pande mbili, na ule mkono wa bahari uliokuwa Darajani ulifukiwa, kwa hiyo maji ya ardhini hayako mbali, na yana chumvi.

Halafu kuna koga. Koga jeusi linaloota nyuma ya kabati au kwenye pembe ya chumba, bila doa la maji, mara nyingi ni mvuke wetu wenyewe: tunapika ndani, tunakausha nguo ndani, tumeziba madirisha kwa mbao kwa ajili ya wezi na vumbi. Ukiwa na shaka, chukua kipande cha nailoni, kibandike ukutani kwa utepe pande zote nne, ukiache siku moja au mbili. Matone yakitokea upande wa chumbani, unyevu ni wa hewa ya chumba, nawe unahitaji dirisha. Yakitokea upande wa ukutani, ukuta wenyewe unatoa maji, na dirisha peke yake halitakusaidia. Gonga lipu kwa vifundo vya vidole: inapolia tupu imeshaachana na jiwe. Kipimo cha nailoni hakigharimu kitu, na kimewaokoa wengi wetu na gharama ya kubomoa ukuta mzima.

Watoto wetu wanalala ndani ya vyumba hivi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu majumbani, likaeleza kuwa wanaoishi katika nyumba zenye unyevu hupata zaidi kikohozi, kubanwa na kifua na pumu. Mama wa mji huu hahitaji mwongozo kuliona hilo. Amezoea kumhamisha mtoto chumba kila masika. Lakini tunautaja ili asitokee mtu akatuambia tunalalamikia uzuri wa kuta.

Sasa tuseme juu ya saruji, kwani hapa ndipo tulipopoteza zaidi na ndipo hasira yetu ilipo. Chukua nyumba yoyote ya Mji Mkongwe iliyotengenezwa kwa haraka miaka ya karibuni, utakuta ukuta wa nje umepigwa lipu ya saruji. Kila mtu anaiamini. Mfuko wa kilo 50 unapatikana kila duka la vifaa, fundi yeyote anaijua, asubuhi anapiga na kesho yake umeshakuwa mgumu na laini kwa macho. Mwenye nyumba anaridhika, picha inapendeza. Lakini saruji ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe, na haipitishi mvuke kama chokaa inavyopitisha. Ukuta wetu haukai kimya. Unapanuka kidogo kwa jua na kusinyaa kidogo kwa baridi ya usiku, na saruji isiyoweza kufuatana nao inapasuka nyufa nyembamba kama uzi. Mvua inaingia kwa ufa, ila haiwezi kutoka kwa ufa. Kuupiga saruji ukuta wenye unyevu ni kumvika mtu mwenye homa koti la mpira.

Maji yaliyofungiwa hutafuta njia. Yanapanda juu zaidi kuliko yalivyokuwa yakifika zamani, au yanajitokeza upande wa ndani, chumbani kwetu. Na yanakwenda na chumvi: ya bahari iliyomo ndani ya matumbawe yenyewe, ya ardhini, na ya mchanga wa ufukweni ambao mafundi wasio waangalifu wanauchanganya kwenye lipu kwa kuwa unapatikana bure. Maji yakikauka, chumvi inabaki na kuganda ndani ya vitundu vidogo vya jiwe, inapanuka, inakipasua kitundu. Mvua nyingine ikija inayeyuka tena, ikikauka inaganda tena. Baada ya miaka michache lipu ya saruji inaanguka vipande vizima, na nyuma yake imeng'ang'aniwa na uso wa jiwe. Lipu ya chokaa nayo huanguka, na ilikusudiwa ianguke. Hiyo ndiyo kazi yake, kuchakaa badala ya jiwe, ili wewe upige nyingine na ukuta ubaki mzima. Saruji haichakai yenyewe, inauchakaza ukuta.

Tunaambiwa tusiitumie. Mji wetu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na masharti ya hifadhi yanataka vifaa vinavyolingana na nyumba ilivyojengwa. Hatupingi hata herufi moja ya hayo. Tunauliza swali la mtu anayeishi humu: chokaa tukainunue wapi, kwa fundi yupi, kwa pesa zipi? Chokaa nzuri haipatikani kwa haraka. Matumbawe huchomwa tanurini kwa magogo ya minazi, kisha chokaa inazimwa kwa maji, na kuzima kwenyewe kuna hatari, kwani inachemka na inaunguza ngozi na macho. Ikishazimwa inataka ikae wiki nyingi, na ikikaa miezi ni bora zaidi. Ukishaipiga ukutani inataka tabaka nyembamba, inataka kufunikwa magunia yenye maji ili isikauke upesi, inataka fundi anayerudi kesho na kesho kutwa. Wazee waliojua kazi hii wamebaki wachache, na kijana anayejifunza ujenzi leo anajifunza matofali na saruji. Mtu mwenye chumba kimoja cha kutengeneza haanzi kuchoma tanuri. Anakwenda dukani. Basi sharti la hifadhi bila chokaa ya kununua kwa ndoo, na bila fundi wa kuipiga, linamwacha mnyonge katika hali mbili: avunje sharti, au aache ukuta uoze.

Na kwamba kazi hii inawezekana, tumeiona kwa macho. Zahanati ya Kale iliyo karibu na bandari, aliyoianzisha Tharia Topan mwaka 1887, ilikuwa imechakaa vibaya kabla haijakarabatiwa katika miaka ya 1990 na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan. Waliofanya kazi pale hawakuwa malaika, walikuwa mafundi. Walikuwa na muda, pesa na mtu mmoja wa kuamua. Sisi tunakosa vyote vitatu, na hicho cha tatu ndicho ambacho hakihitaji mfadhili kutoka ng'ambo.

Linalotutisha zaidi halionekani. Boriti za mikoko zinaingia ukutani pande zote mbili za chumba. Hazizidi mita tatu hivi kwa urefu, ndiyo sababu vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Mti mkavu hauozi. Kuvu wanaokula mti hawaoti mpaka unyevu wa mti upite kiasi cha asilimia 20. Boriti iliyo kavu imewabeba babu zetu na itawabeba wajukuu. Lakini kichwa cha boriti kiko ndani ya ukuta, na ukuta ukilowa, kichwa kinalowa nao, gizani, bila hewa. Katikati ya chumba unaitazama boriti, ni nyeusi, ngumu, ina sauti nzuri ukiigonga. Shika bisibisi uichome pale inapoingia ukutani: ikizama bila kutumia nguvu, kichwa kimekwisha na sakafu nzima imekaa juu ya unga. Mchwa nao hupenda mti wenye unyevu, humalizia kilichobaki. Dalili za boriti iliyooza ni ufa mrefu baina ya dari na ukuta, mlango wa juu uliokuwa ukifunga vizuri sasa unagusa chini, vumbi jepesi kitandani kila asubuhi. Mtu akiyaona haya asiite mpaka rangi. Aite mwashi na awatoe watu chumba cha juu.

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka, wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili wakafa. Ni jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, lenye nguzo za chuma, linalotazama Forodhani, ambalo kila mtalii amelipiga picha. Sababu zake ni za wataalamu kuzieleza, na jumba lile halikujengwa sawasawa na nyumba zetu. Lakini usiku ule hakuna aliyelala vizuri katika mitaa yetu. Tulizitazama dari. Tukawa tunaulizana, ikiwa jumba lile lenye jina na walinzi limeanguka, nyumba isiyo na jina iliyo kichochoroni nani ataijua kabla haijaanguka? Kwa wiki kadhaa watu walizungumza juu ya kuta kila barazani. Kisha maisha yakaendelea, na mitaro ya paani ikaendelea kuziba.

Fundi mwenye kujua anasema hivi, na tumemsikia akisema kwa wengi: zuia maji kwanza. Usiguse ukuta kabla hujazuia maji. Paa, mtaro, mlizamu, bomba, karo, kila kimoja. Kisha bandua saruji na rangi ya plastiki mpaka ukutane na jiwe, pande zote mbili ikiwezekana. Kisha ngoja. Hapa ndipo watu wanapomkimbia. Mafundi wa majengo ya kale hukadiria kwamba ukuta mnene unakauka kiasi cha sentimita 2.5 kwa mwezi; ukuta wa nusu mita uliofunguliwa pande mbili unataka karibu miezi kumi, na kwa hewa yetu ya bahari huenda ukataka zaidi. Nani atakaa miezi kumi na ukuta uliobanduliwa, unaomwaga chembe kwenye chakula? Mwenye nyumba anataka kazi iishe kabla ya Ramadhani. Mwenye nyumba ya wageni anataka iishe kabla ya Juni, wageni wengi wasije wakakuta vumbi. Basi fundi anafukuzwa, anakuja mwingine mwenye mifuko ya saruji na ahadi ya wiki moja, na ukuta unafungiwa ukiwa na maji yake yote.

Boriti zilizooza nazo zina utaratibu. Sakafu inashikiliwa kwanza kwa nguzo za muda, boriti zinatolewa moja moja, mpya inaingizwa na kichwa chake kinaachiwa nafasi ya hewa, hakizikwi ndani ya saruji. Pale ambapo vichwa ndivyo vilivyooza na boriti iliyobaki ni nzima, fundi hodari huweka mhimili kando ya ukuta kuzipokea kwa chini, na familia haihami nyumba. Ni kazi ya kawaida. Inatushinda kwa sababu ya kibali cha kusubiri, ridhaa ya kusubiri, na boriti zenyewe, ambazo ukataji wake umewekewa mipaka, na kwa haki, maana mikoko nayo ni uhai wa pwani.

Basi tunaomba nini? Tunaomba chokaa iliyozimwa iuzwe kwa ndoo mjini, kama saruji inavyouzwa kwa mfuko, na asiyekuwa na uwezo apunguziwe bei. Tunaomba vijana wachache kila mwaka wakae na wazee wa chokaa kabla wazee hawajatutoka. Tunaomba bafu lisijengwe juu ya boriti bila mtu kuja kutazama chini yake, na bomba la kiyoyozi lisielekezwe kwa jirani. Kichochoro kikitengenezwa, kishushwe kwanza ndipo kipangwe mawe. Haya yanahitaji wenye mamlaka, na tumeyasema mikutanoni, tutayasema tena.

Lakini paa hatuwezi kumngojea mtu. Katika nyumba moja ya Kiponda wapangaji wameanza mchango wa paa, pesa kidogo kila mwezi, chini na juu sawasawa, na daftari linakaa kwa bibi wa chini kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akikataa zaidi na sasa ndiye anayedai kwa nguvu. Sheha ni shahidi. Mchango huo unamlipa mtu wa kupanda paani kila baada ya miezi miwili, kusafisha mtaro, kupigilia bati lililofunguka, kutazama boya la tangi, na kupanda tena mvua za kwanza zikipita. Doa la darini halijaondoka; ukuta bado una maji ya miaka iliyopita. Ila masika iliyopita halikuongezeka.

Kilichobaki katika nyumba hiyo ni kubandua saruji ya ukuta wa kusini, na kazi hiyo ni ya mwenye nyumba, haiwezi kufanywa kwa mchango wa wapangaji. Barua imekwenda kwa warithi wote, wa hapa na wa ng'ambo, ikiwa na picha na makisio ya fundi. Waliojibu wamekubali. Ambao hawajajibu tunawaomba wajibu kabla ya Disemba kwisha, kwa sababu fundi anataka ukuta uanze kukauka kwa jua lote la Januari na Februari.